Mwanangu kaacha gitaa, anataka besi

Maswali ya wasomaji kuhusu ala za muziki. Mwezi huu anajibu mpiga besi mstaafu wa bendi za dansi.

SWALI: Shikamoo mzee. Mwanangu wa kwanza ana miaka 17. Mwaka juzi niliuza mahindi nikamnunulia gitaa, na kanisani watu wakaanza kumsifia. Sasa amekuja na jipya: gitaa liuzwe, anunue besi. Nimewasikiliza wapiga besi wa kwaya tatu na sioni wanachofanya zaidi ya "dum, dum". Hivi mtu mwenye akili zake anachaguaje kukaa nyuma?
Mama, Makambako

JIBU: Marahaba, mama. Kwanza, gitaa lisiuzwe. Aazime besi la kwaya miezi mitatu. Hamu ikiwa bado ipo, ndipo mkae mzungumze habari za fedha.

Sasa hilo la kuchagua. Mimi sikuchagua. Mwaka 1981 nilikuwa kijana wa rithimu, gitaa la kusindikiza, katika bendi moja ya Morogoro. Ijumaa mpiga besi wetu akahamia bendi nyingine iliyomwahidi chumba na godoro (enzi zile bendi zilinyang'anyana wanamuziki kama timu za mpira), na Jumamosi tulikuwa na dansi. Kiongozi akatutazama sisi wa magitaa, akaninyooshea kidole kwa sababu nilikuwa mdogo kuliko wote. Nilikwenda chooni nikalia kidogo. Usimwambie mtu.

Usiku ule nilipiga kama mpiga solo aliyepewa nyuzi nene, vidole vinakimbia huku na huku. Mzee mmoja aliyekuwa akicheza na mkewe akaja hadi jukwaani, akaniinamia: "Kijana, unatukanyaga." Nikapunguza. Wimbo wa nne, chemko (ile sehemu ya kasi ya wimbo) limeshika moto, nikarudi nyuma hatua moja, nikakanyaga waya wangu mwenyewe ukachomoka kwenye amplifaya. Solo liliendelea kulia, tena vizuri. Tarumbeta ziliendelea. Lakini ukumbi mzima ulisita, watu wakawa wanatazamana kama abiria wa basi lililozimika mlimani. Nadhani wengi hawakujua ni nini kilichopungua. Nikachomeka waya, nikapiga noti moja, wakashuka nayo wote pamoja.

Jumatatu kiongozi akaniambia nirudi kwenye rithimu, amepata mtu wa besi. Nikakataa. Ndiyo siku pekee niliyowahi kubishana naye.

Ukitaka kuonja alichoonja mwanao, fanya hivi nyumbani, hata umeme hauhitajiki. Watu watatu waimbe do, mi, so, kila mmoja ashike sauti yake asiiachie. Mtu wa nne, mwenye sauti nzito, aimbe do ya chini. Utasikia furaha, kama siku ya Pasaka. Halafu wale watatu wasibadilishe kitu, ila huyu wa chini aiache do na kushuka hadi la. Huzuni inaingia hapohapo. Watatu wa juu wanaimba kilekile walichokuwa wakiimba, lakini maana yake imeamuliwa na mtu mmoja ambaye hakuna anayemtazama. Huyo ndiye mpiga besi. Kijana wa miaka 17 akishagundua kuwa ana uwezo huo, kumrudisha kwenye gitaa ni kazi.

Na hiyo "dum, dum" usiidharau. Uzi mnene wa besi hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, nusu ya ule mnene wa gitaa la kawaida, na sauti nzito namna hiyo haizuiliwi kirahisi na ukuta. Jirani akiwa na harusi mtaa wa pili, wewe umelala, unasikia nini? Humsikii mwimbaji wala kinanda. Unasikia besi, na mguu wako unaitikia chini ya shuka.

Wakubwa wengi nao waliingia kwa mlango wa dharura. Paul McCartney wa Beatles, bendi ya Uingereza, alikuwa mpiga gitaa. Mwaka 1961 mpiga besi wao, Stuart Sutcliffe, alibaki Hamburg, Ujerumani, kuchora picha, na pengo likamwangukia yeye. Carol Kaye wa Los Angeles alikuwa mpiga gitaa wa studio mpaka siku moja mwaka 1963 mpiga besi alipokosa kutokea kazini, akashika nafasi yake. Mama huyo alikuwa na watoto wa kulea, na moja ya sababu zake za kubaki kwenye besi naipenda sana: kubeba ala moja ni nafuu kuliko kuzunguka na magitaa matatu manne. Jaco Pastorius alikuwa mpiga dramu, akaumia kifundo cha mkono katika mpira wa Kimarekani, akaishia kwenye besi. Halafu huko Douala, Kamerun, kijana Richard Bona akasikia santuri ya huyo Jaco, akaamua kwamba besi ndiyo ala yake. Unaona, mama? Mmoja kaumia, mwenzake upande wa pili wa bahari kachagua. Wako ni wa aina hiyo ya Bona, wachache sana, na mimi nawaonea wivu.

Ubaya upo, nisikufiche. Kutuzwa sahau. Kina mama hupanda jukwaani kumbandika mwimbaji noti kwenye paji la uso, wakikupita wanakuomba usogeze waya. Kwa miaka 26 mimi nilituzwa mara mbili, na mara moja walidhani ni mtu mwingine. Ila sikuwahi kukaa mwezi mzima bila kazi. Vijana wa solo wanapanga foleni. Bendi ikimpoteza mpiga besi inamtafuta kwa tochi.

Faida nyingine kwa mfuko wako: nyuzi nne za besi ni E, A, D, G, sawa na zile nne nene za gitaa lake, oktava moja chini, yaani noti zilezile kwa sauti nzito zaidi. Alichojifunza kwa mahindi yako hakijapotea.

SWALI: Kaka, vidole vyangu ni vifupi. Besi nitaliweza?
Kijana, Tanga

JIBU: Utaliweza. Besi la kawaida, kama lile alilolitoa Leo Fender kule California mwaka 1951, uzi wake una inchi 34 kutoka daraja hadi mwanzo wa shingo kule kichwani, kama sentimita 86. Yapo mafupi ya inchi 30. Hata McCartney alijinunulia fupi Hamburg, la Höfner. Ukikosa, anzia mazoezi katikati ya shingo, vyuma vinakokaribiana, ushuke taratibu kadiri mkono unavyozoea. Ukisikia maumivu kwenye kifundo, pumzika. Ngozi ya ncha za vidole yenyewe itauma wiki chache, hiyo vumilia.

SWALI: Ninunue la nyuzi nne au tano?
Msomaji, Singida

JIBU: Nne. Uzi wa tano huenda chini zaidi, hadi B, na spika ndogo za harusini haziwezi kuitoa vizuri, zitakoroma tu. Hela itakayobaki ongezea kwenye spika.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa kwaya. Mpiga besi wetu hawatazami waumini kabisa. Ibada nzima amempa mgongo mchungaji, anamkodolea macho mpiga dramu. Wazee wa kanisa wanasema ana kiburi. Nimwambieje?
Mwalimu wa kwaya, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwalimu. Usimwambie kitu, waambie wazee. Anatazama mguu wa kulia wa mpiga dramu, ule unaokanyaga dramu kubwa. Noti yake na pigo la mguu ule vikitoka pamoja, waumini husikia kitu kimoja kizito. Vikipishana hata kidogo, kwaya nzima inaonekana imechoka. Mimi nilikaa na mpiga dramu mmoja miaka tisa, na mpaka leo naikumbuka soksi yake kuliko sura yake.

Ila kama dramu zenu ni zile za kwenye kinanda, hapo sina la kumtetea. Mwambie ageuke.