Jibu: Yule mwenye manyoya na mdomo mrefu ni nyuki au nzi?
Ndugu, umeuliza kama mdudu wa manyoya uliyempiga picha akielea mbele ya ua ni nyuki. Huyo ni nzi, wa familia ya Bombyliidae. Hesabu mabawa: nzi ana mawili, nyuki manne. Halafu tazama ule mrija mgumu wa mdomo uliotokeza mbele kama sindano. Hata akiruka haukunjwi. Nzi wa Syrphidae, familia nyingine, nao huelea mauani, lakini wengi wao hawana manyoya mazito hivyo na mdomo wao ni mfupi. Ila usitegemee mrija peke yake: jenasi ya Anthrax (kundi dogo ndani ya Bombyliidae) ina mrija mfupi, hao watambue kwa mabaka meusi kwenye mabawa wanayoyatandaza pembeni wakitua. Ukiona sharubu usoni na bonde kati ya macho, huyo si wa Bombyliidae, ni nzi mwindaji. Wako msogelee tu, hana mwiba.