Kabla mwanao hajasaini: maisha ya mchezaji wa hoki anayehamahama

Wazazi Waswahili ninaokutana nao hapa Ontario, Kanada, mtoto akishaanza kung'ara kwenye hoki ya barafu, huniuliza swali moja: atafika NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada? Wananiuliza mimi kwa sababu mume wangu aliishi kwa mchezo huu mpaka magoti yakakataa, na mimi na watoto tulimfuata kila alikopelekwa. Huwajibu kwamba wamwandae pia kwa maisha ya yule asiyefika, au anayefika na kurudishwa. Ligi ile ina timu 32 na kila mwaka huchagua vijana katika raundi 7. Wengi wao hawamalizi humo hata msimu mmoja. Lakini wapo wanaokula jasho la hoki miaka kumi na zaidi, leo mji huu, kesho ule, bila jina lao kujulikana na mtu asiye mpenzi wa mchezo. Ni kazi ya heshima, na ina mambo yake.

Anza na mkataba. Chini ya NHL kuna ligi ya AHL, na chini ya AHL kuna ligi ya ECHL. Klabu ya NHL ina timu yake ya AHL ambako huwaweka wachezaji wake wa akiba. Kijana mara nyingi husaini mkataba wa ngazi mbili: akiwa juu analipwa kiwango kimoja, akishushwa analipwa kingine, kidogo mno ukilinganisha. Msimu wa 2025-26 kima cha chini NHL ni dola 775,000, na mzazi akisikia hivyo anaona mtoto ameshaukata. Lakini fedha hiyo huhesabiwa kwa siku. Akiitwa juu kwa wiki moja, anapata ya wiki moja, kisha anarudi kwenye mshahara wa chini. Kwa hiyo panga bajeti ya nyumba kwa kiwango cha chini, na kile cha juu kikija kiende akiba moja kwa moja.

Mchezaji mwenye uzoefu hawezi kushushwa hivi hivi. Kwanza huachwa wazi kwa saa 24, na timu nyingine yoyote ya NHL inaweza kumchukua. Saa hizo ni ngumu. Simu iko mezani, chakula hakishuki, na hujui kama wiki ijayo mtakuwa mji uleule au pwani ya upande wa pili wa bara. Na habari ikija, yeye huondoka usiku huohuo na begi la vifaa. Anayebaki kufunga nyumba, kudai amana kwa mwenye nyumba na kumwondoa mtoto shuleni ni mke.

Mtu ninayependa kumtolea mfano ni Mike Sillinger, mwana wa Regina, Saskatchewan, hukohuko Kanada. Timu ya Detroit ilimchagua katika raundi ya kwanza mwaka 1989, halafu akazunguka: timu 12 za NHL, rekodi ya ligi, na mara 9 timu yake ilimpeleka kwa timu nyingine kwa kubadilishana. Wengi wanaisoma rekodi hiyo kama habari ya mtu asiyetakiwa. Mimi naisoma vingine: timu 12 zilimhitaji, akacheza mechi 1,049. Alijua kazi yake. Alikuwa hodari wa kugombea paki, kile kisahani cheusi, pale mwamuzi anapokidondosha kati ya wachezaji wawili, na wa kuwazuia wapinzani wasifunge timu yake ikiwa pungufu kwa adhabu. Kocha yeyote humhitaji mtu wa hivyo kila usiku. Mwambie mwanao hivyo mapema: akifika kwa wakubwa, huenda asiwe mfungaji tena, maana kila aliyepo hapo alikuwa mfungaji kwao. Atafute kazi moja ambayo kocha hawezi kuikosa, aifanye vizuri kupita wenzake, kisha asiionee haya.

Sillinger ana mtoto anayeitwa Cole, aliyezaliwa Columbus, Ohio, baba yake akichezea timu ya huko. Mwaka 2021 timu hiyohiyo ikamchagua Cole. Nikiwaza familia ile na makabati iliyoyafungua na kuyafunga, naona kazi ya mama ambayo haimo kwenye takwimu zozote.

Kuhusu nyumba, nina msimamo mkali: msinunue katika mji wa timu. Mkitaka kununua, nunueni pale mtakapokaa majira ya joto, karibu na ndugu, pabaki kuwa kwenu hata timu ibadilike. Pasipoti, kadi za chanjo na ripoti za shule ziwe kwenye faili moja linalosafiri nanyi, si kwenye mizigo ya lori. Na dada yangu unayeolewa na mchezaji, ulizia viza yako kabla hujafunga virago. Mchezaji wa kigeni akiingia Marekani kwa viza ya P-1, mwenzi wake hupata P-4, na hiyo haimruhusu kuajiriwa. Kusoma inaruhusu. Mimi nilisoma, na cheti kile ndicho kilichotushika mkono hoki ilipokwisha.

Mshahara huingia wakati wa msimu tu. Kuanzia masika hadi Oktoba hakuna kitu, na hapohapo kuna gharama za mazoezi ya kiangazi. Ofa ikitoka Ulaya, mathalani Ujerumani au Uingereza, mara nyingi inakuja na nyumba na gari. Uliza kwa maandishi: kiasi hicho ni kabla ya kodi au baada? Nani analipia tiketi za familia na bima ya matibabu ya watoto? Akiumia Novemba, analipwa mpaka lini? Wakala mzuri hakasiriki kwa maswali haya.

Linaloniumiza zaidi ni majeraha ya kichwa. Mchezaji asiye na uhakika wa namba huficha kizunguzungu, kwa sababu anajua kuna mwingine anasubiri nafasi. Nimekaa kwenye chumba chenye giza na mtu asiyeweza kuvumilia mwanga wa dirisha, huku akisema yuko tayari kwa mechi ya Jumamosi. Wewe mzazi, wewe mke, piga simu kwa daktari hata akikununia. Msimu mmoja si kitu mbele ya akili ya mtu.

Na shule isiachwe. Zamani kijana wa Kanada aliyecheza ligi kubwa za vijana alifungiwa mlango wa hoki ya vyuo vya Marekani. Kuanzia msimu wa 2025-26 mlango huo umefunguliwa, kwa hiyo halazimiki tena kuchagua njia moja akiwa na miaka kumi na sita. Ligi zile za vijana pia hutoa msaada wa ada ya chuo kwa misimu aliyocheza, lakini una masharti, na kusaini mkataba wa kulipwa kunaweza kuufuta. Kabla hajashika kalamu, mwambieni wakala awaonyeshe kifungu hicho, mkisome wote mezani, na mtoto mwenyewe akiwepo.