Maswali Yenu kwa Mwalimu: Anayepewa Wajerumani Amesusa

Kwa msomaji anayefungua ukurasa huu kwa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu mstaafu wa somo la historia, naishi Mwanga, Kigoma. Kila Jumamosi baada ya alasiri tunakaa watu sita barazani kwangu, tukalaza mlango wa zamani wa mninga juu ya meza mbili, tukapanga askari wadogo wa urefu wa sentimita mbili, na kuvipigana upya vita vilivyopiganwa kweli. Tuna fundi cherehani, nesi, mvuvi aliyestaafu, dereva wa bajaji, binti yangu na mimi. Nikitaja kikundi chetu humu ndani, ndio hao.

*

*Shikamoo Mwalimu. Sisi ni marafiki watano wa Isevya, Tabora. Tumecheza vita vya Tabora vya Septemba 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mara nne, na mara zote nne Wabelgiji wameshinda kwa sababu ni wengi. Sasa mwenzetu anayepewa Wajerumani amesusa, anasema haji tena kukaa apigwe tu. Tuwaongezee Wajerumani askari ili mizani ikae sawa?*
*Mwenye meza, Isevya*

Marahaba, mdogo wangu. Msiongeze hata askari mmoja. Mwenzenu hakushindwa. Ninyi ndio mmemhesabia vibaya, na mkamwombe radhi leo kabla hamjasoma mistari mingine.

Tazama ilivyokuwa. Aliyeongoza Wajerumani Tabora ni Kurt Wahle, jenerali mstaafu aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1914 kumtembelea mwanawe, vita vikamkuta huku. Alipambana na kikosi cha Wabelgiji kilichoongozwa na Olsen huko Lulanguru, magharibi ya mji, akapambana na kikosi chao kingine, cha Molitor, huko Itaga, upande wa kaskazini. Kisha usiku wa kuamkia 19 Septemba akaondoka na jeshi lake kuelekea kusini-mashariki. Asubuhi Wabelgiji wakaingia Tabora. Mji waliupata, jeshi hawakulipata, na jeshi hilo likaenda kuwasumbua Waingereza upande wa Iringa.

Basi kwa nini mwenzenu ahesabiwe kwa mji? Mhesabieni kwa kile Wahle alichokuwa akikitafuta: siku, na watu wa kuondoka nao. Sisi tunacheza raundi kumi. Mjerumani anapata alama moja kwa kila raundi ambayo Mbelgiji hajaingia mjini, na alama mbili kwa kila kampuni inayotoka mezani kwa ukingo wa mashariki ikiwa na nusu ya watu wake au zaidi. Mbelgiji anapata alama tano za mji, na tatu kwa kila kampuni aliyoizingira isitoke. Mkipanga hivyo, yule wa Wajerumani atakesha akiwaza saa ya kuondoka, na hapo ndipo utamu ulipo. Akitoka mapema anatupa siku zake, akichelewa anazingirwa.

Halafu Wabelgiji wenu wawe watu wawili, mmoja Molitor na mmoja Olsen, na wasisemezane mezani. Nasisitiza hili. Mkubwa wao, Jenerali Tombeur, hakuwa na simu ya mkononi. Molitor akitaka kumwambia Olsen neno, aandike kwenye karatasi, ampe mwamuzi, na karatasi imfikie Olsen raundi moja baadaye. Mtu wenu wa tano ndiye mwamuzi. Jambo hili si letu. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia aitwaye von Reisswitz aliwaonyesha wakubwa wa jeshi lake mchezo wa vita wenye ramani, dadu na mwamuzi, na jeshi likaupokea kwa kufundishia maofisa. Mwamuzi asiye na upande ndiye anayezuia urafiki usivunjike. Kwetu kazi hiyo anaifanya nesi, kwa sababu akisema neno mara moja halirudii.

Sasa nina swali langu kwenu, ndilo lililonifanya nichague barua yenu kati ya zote. Hao Wabelgiji wenu wanakula nini?

Nauliza kwa sababu na sisi tulianza hivyo hivyo. Mara ya kwanza tulipocheza vita hivi, kikosi cha Olsen kilitoka Kigoma kikafika Tabora kabla chai haijapoa, kama kimepanda basi. Fundi cherehani alikuwa kimya muda wote, utepe wake wa kupimia begani. Akauliza taratibu: "Mwalimu, hawa wanapikiwa na nani?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefundisha vita hivi kwa miaka ishirini na saba darasani, nikiwaandikia watoto tarehe na majina ya majenerali ubaoni, na sikuwa nimewahi kuuliza hilo.

Tukakaa tukapiga hesabu. Mpagazi mmoja mpe mzigo wa kilo 25. Mpe kilo moja ya unga kwa siku ale. Kutoka Kigoma hadi Tabora ni kama kilomita 400, na Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja ya reli. Mtu mwenye mzigo akienda kilomita 20 kwa siku, na hajaugua, atafika siku ya ishirini. Alichobeba ni chakula? Basi amekwisha kula kilo 20 njiani. Amebakiwa na kilo tano za kumpa askari, naye bado hajarudi kwao. Kwa hiyo ili askari mmoja apige risasi Lulanguru ilibidi nyuma yake wawepo watu wengi wasioshika bunduki, na nyuma ya hao, vijiji vilivyonyang'anywa nafaka. Ninyi wa Tabora hilo mnalijua kwa damu, maana Wanyamwezi ndio waliobeba mizigo ya nchi hii tangu enzi za misafara ya pembe. Na hapo Dar es Salaam, Kariakoo jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps, lakini wanaonunua nyanya pale wangapi wanajua?

Tangu siku hiyo mezani kwetu kuna bakuli la maharage. Kila kikosi kinaanza na punje sita zilizopangwa nyuma yake. Ndio wapagazi. Kila raundi ukitembea, unaondoa punje moja. Ukipiga bombomu, ile bunduki ya rashasha, unaondoa moja nyingine, kwa sababu risasi zake nazo zilibebwa kichwani. Punje zikiisha, kikosi kinaweza kujilinda tu, hakisongi wala hakishambulii. Punje mpya zinatoka ukingo wa meza na zinatembea polepole kuliko askari, na adui anaweza kuzikata njiani.

Jaribuni Jumamosi moja tu. Mtaona Wabelgiji walio wengi wanavyosimama katikati ya meza wakiangaliana, na mwenzenu aliyesusa ataanza kuja wa kwanza. Sijui kikundi kilichoweka maharage mezani kikayaondoa tena.

*

*Mwalimu, askari wa kununua hawapatikani huku, na tuliotumiwa na ndugu kutoka nje wote ni Wazungu. Unatengenezaje wako?*
*Fundi mdogo, Kibirizi*

Hapo umegusa jambo. Kampuni moja ya Wajerumani ilikuwa na Waafrika karibu 160, na Wazungu kati ya 16 na 20 tu. Upande wa Wabelgiji nako askari walikuwa Wakongo, maofisa ndio Wazungu. Mwenye meza iliyojaa sura nyeupe anacheza vita vya nchi nyingine.

Chukua waya mwembamba wa shaba wa nyaya za umeme zilizokwisha kazi. Kunja mmoja, miguu miwili na kichwa, mwingine uwe mikono. Zungushia vipande vya gazeti vilivyolowa gundi ya unga wa muhogo, uji mzito uliopikwa hadi ung'ae. Bunduki ni njiti ya kiberiti iliyochongwa. Wakikauka siku mbili, wapake rangi, kisha vanishi, na usiiruke vanishi. Mwaka juzi niliwaacha askari arobaini bila vanishi kwenye kabati, mende wakala gundi yote, nikakuta nyaya tupu zimelala. Nilisikitika sana, maana wengine alikuwa amewatengeneza marehemu mume wangu.

Wabandike wanne wanne kwenye kitako cha kadibodi cha sentimita nne kwa nne. Usiwasogeze mmoja mmoja, mtakesha.

Na tafadhali, usiyeyushe risasi za kuzamishia nyavu ili umimine askari. Najua Kibirizi zinapatikana, na najua mtu atakwambia ni rahisi. Moshi na vumbi lake ni sumu, huharibu ubongo wa mtoto, na sufuria hiyo haiwezi kurudi jikoni.

Jambo moja dogo linalopendeza: askari wengi wa Wajerumani walikuwa na bunduki za zamani, za muundo wa 1871, ambazo baruti yake ilitoa moshi mwingi. Kikosi chenye bunduki hizo kikipiga, weka kipande cha pamba mbele yake. Adui akiiona pamba ameshakijua kilipo, hata kama kimejificha msituni. Usiiondoe pamba mpaka raundi ifuatayo. Meza inapoanza kujaa pamba, watu wote huinama na kunyamaza.

*

*Shikamoo. Tumechonga meli ya Liemba kwa mbao, urefu sentimita 24. Boti za Waingereza za Mimi na Toutou ziwe na ukubwa gani, na nani atashinda?*
*Wanafunzi watatu, Ujiji*

Marahaba wanangu. Liemba ina urefu wa mita 71, kwa hiyo kila sentimita yenu ni kama mita tatu. Mimi na Toutou zilikuwa na mita 12 tu. Zichongeni sentimita nne. Ndiyo, nne, kama kidole gumba. Na Mimi hapa si neno letu, ni Kifaransa cha kitoto, mlio wa paka, na Toutou ni mbwa.

Lakini msizipambanishe na meli kubwa, kwa sababu hazikupambana nayo. Zilivutwa kwa reli na kwa nchi kavu kutoka Cape Town, zikaikamata meli ya Wajerumani, Kingani, tarehe 26 Desemba 1915, na boti ya Mimi ikasaidia kuizamisha nyingine yao, Hedwig von Wissmann, tarehe 9 Februari 1916. Chongeni hizo mbili, ndio mchezo wenu. Liemba, wakati huo ikiitwa Graf von Götzen, ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe tarehe 26 Julai 1916 hapa hapa Kigoma, mitambo ikiwa imepakwa grisi nzito isioze. Ikaibuliwa baadaye, ikarudi kazini 1927.

*

*Mwalimu, bibi yangu alipita akaiona meza yetu, akasema tunacheza na wafu. Babu yake alichukuliwa kubeba mizigo wakati wa vita vya Mjerumani na hakurudi. Tangu hapo sina raha. Tuache?*
*Mjukuu, Ng'ambo, Tabora*

Mjukuu wangu, bibi yako yuko sahihi. Ni wafu, na nisingependa umbishie.

Kuna mambo sisi hatuyaweki mezani. Boma la Isike, mtemi wa Unyanyembe hapo Tabora, Januari 1893, alipowasha ghala lake la baruti ili Wajerumani wasimpate hai, hatulichezi. Nimewahi kuombwa, nikakataa. Misafara ya watumwa hatuichezi. Lakini vita vya 1916 tunavicheza, kwa sababu tangu tuweke maharage nimewaza juu ya wapagazi kuliko nilivyowawaza katika maisha yangu yote ya ualimu. Babu yake mama yangu alibeba mizigo. Alirudi na sugu begani, mama aliishika akiwa mtoto, na hatukumuuliza zaidi.

Usiache bado. Mpelekee bibi kiti, akae karibu na meza siku ambayo hamchezi. Muulize babu yake aliitwa nani, alichukuliwa kijiji gani. Akisema acheni, acheni, ni haki yake. Akikutajia jina, tengeneza mpagazi mmoja mwenye mzigo kichwani, uliandike jina hilo kwa penseli chini ya kitako chake. Sisi tuna wapagazi arobaini wa waya, tunawasimamisha ukingoni mwa meza, na maharage huanzia miguuni mwao. Kumi na wanne wana majina. Wengine bado tunawaulizia, na mvuvi wetu wiki hii yuko Kalinzi kwa shangazi yake, ameondoka na daftari.