Kwa nini waliahirisha mbio na theluji ipo tele?

Ndugu, umeuliza kwa nini mbio za skii za wanawake kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule Pyeongchang, Korea Kusini, mwaka 2018 ziliahirishwa wakati theluji ilikuwepo. Tatizo lilikuwa upepo mkali. Mshindi hupatikana kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Mmoja akipigwa na upepo usoni na mwenzake akapita umetulia, haki haipo tena, achilia mbali hatari ya kuanguka.

Slalomu ni mbio za kuteremka mlima ukipindapinda kati ya vijiti; kwenye slalomu kubwa vijiti huachana zaidi. Slalomu kubwa ikasogezwa kutoka Februari 12 hadi 15, slalomu ya kawaida kutoka 14 hadi 16. Mikaela Shiffrin wa Marekani akalazimika kushindana siku mbili mfululizo: ya kwanza dhahabu, ya pili, aliyokuwa akitetea ubingwa, akawa wa nne. Iliniuma sana. Michezo hiyohiyo ndiyo aliyokuwepo mchezaji skii Sabrina Simader wetu wa Kenya.