Daktari wa macho amemtuma mama akapime figo. Kwa nini?

SWALI: Assalaam alaykum daktari. Mama yangu ana miaka 71, tunaishi Langoni, Lamu. Ana sukari na presha kwa miaka mingi. Alikwenda kuangaliwa mtoto wa jicho. Daktari wa macho akamtia matone, akamchungulia ndani, akasema kuna vidoa vya damu nyuma ya jicho na akamtaka apime figo. Tumepima. Kreatinini ni 105, na karatasi inasema kawaida ni 53 hadi 115. Mama mwenyewe anasema haumwi kiuno, kwa hivyo figo zake ni nzima, na macho ni uzee tu. Macho na figo vinahusiana vipi? Na upasuaji wa mtoto wa jicho uendelee au tuuache?

JIBU: Wa alaykum salaam. Daktari huyo wa macho amewafanyia hisani kubwa, mkirudi kwake mshukuruni. Nitaanza na hiyo 105, maana ndiyo iliyonishughulisha tangu nilipoisoma barua yako.

Kreatinini ni taka inayotokana na misuli, na figo huichuja ikatoka na mkojo. Mwenye misuli mingi huitengeneza kwa wingi, mwenye misuli michache huitengeneza kidogo. Sasa mchukue kijana wa miaka 25 anayebeba mizigo gatini, umweke pamoja na mama yako. Wote wawili wakipimwa wakapata 105, karatasi ya maabara itawaambia neno lile lile: kawaida. Lakini ukiitia namba hiyo kwenye hesabu inayotazama umri na jinsia (mimi hutumia ile ya CKD-EPI ya mwaka 2021), kijana anapata uchujaji wa mililita 87 hivi kwa dakika, na mama yako anapata 49. Kwenye karatasi kipimo hiki huandikwa eGFR, na maabara nyingine haziandiki mpaka uombe. Kikiwa chini ya 60 kwa miezi 3 au zaidi, tunauita ugonjwa sugu wa figo. Na kama mama ni mwembamba, misuli imekwisha, hata hiyo 49 huenda inamsifu kuliko anavyostahili.

Kuhusu kiuno, mwambie kwa upole kwamba figo zinazoharibiwa na sukari na presha haziumi. Huharibika kimya kimya kwa miaka. Maumivu ya kiuno kwa mtu wa umri wake mara nyingi ni ya mifupa na misuli.

Sasa uhusiano wenyewe. Kila figo ina vichujio vidogo vinavyokaribia milioni moja, na kila kichujio ni fundo la vishipa vyembamba kabisa vya damu. Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea mwanga, retina, nao unalishwa na vishipa vyembamba vya namna hiyo hiyo. Sukari ikikaa juu kwa miaka, kuta za vishipa hivi hudhoofika na kuanza kuvuja; presha ikiwa juu, huvisukuma kutoka ndani. Kwenye jicho kinachovuja ni damu, maji na mafuta, ndivyo vidoa alivyoviona daktari. Kwenye figo kinachovuja ni protini iitwayo albumini, inayopita kwenye mkojo. Ugonjwa ni mmoja, umeshika mahali pawili.

Ila jichoni unaweza kuonekana bila kumpasua mtu. Tangu Hermann von Helmholtz wa Ujerumani atangaze chombo chake cha kuchungulia ndani ya jicho mwaka 1851, madaktari wamekuwa wakiona retina zilizoharibika kwa wagonjwa wa figo. Na bado tunajifunza: mwaka 2023 watafiti wa Edinburgh walieleza kwamba tabaka la vishipa lililo chini ya retina huwa jembamba kwa wagonjwa wa figo, na kwamba hunenepa tena mgonjwa anapopandikizwa figo mpya.

Mambo haya hayaendi sambamba kila mara. Katika sukari ya ukubwani, figo inaweza kuwa imeguswa na jicho likawa safi. Tukikuta hivyo tunatafuta sababu nyingine ya figo kuharibika, si kuhukumu tu kwamba ni sukari. Kwa mama yako vidoa vipo na uchujaji unaonekana kushuka, kwa hivyo dalili zinaelekea upande mmoja.

Uzee nao una sehemu yake, mama hajakosea kabisa. Kuanzia miaka 40 hivi, uchujaji hupungua taratibu, karibu mililita moja kila mwaka, hata kwa mtu mzima wa afya. Lenzi ya jicho nayo huingia ukungu, ndio huo mtoto wa jicho. Kuna pia kuchakaa kwa kitovu cha retina, ugonjwa wa wazee unaofifisha katikati ya uoni, na huonekana zaidi kwa wenye figo dhaifu. Lakini vidoa vya damu kwenye retina ya mtu mwenye sukari si uzee. Neno "uzee tu" limewachelewesha wagonjwa wengi wa pwani yetu, na mimi silikubali mpaka vipimo vikamilike.

Kipimo kitakachoamua ni mkojo. Ombeni albumini ipimwe kwa kulinganishwa na kreatinini ya mkojo huo huo, na bora uwe mkojo wa kwanza wa asubuhi. Kijiti cha kuchovya peke yake hakitoshi, kwa sababu uvujaji mdogo hukipita. Ikifika miligramu 30 kwa gramu au zaidi, figo zinavuja. Rudieni mkojo na damu baada ya miezi 3 kuhakikisha. Ikithibitika kwamba figo zinavuja, zipo dawa za kuzilinda: losartani au enalaprili kwa presha, na dapagliflozini au empagliflozini, ambazo hushusha sukari na kuhifadhi figo pamoja. Daktari wake atachagua baada ya kuona potasiamu, madini ya kwenye damu ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa. Presha ishuke chini ya 130 kwa 80 kama mama anaweza kuivumilia bila kizunguzungu.

Upasuaji msiuache. Figo iliyopungua kiasi hiki haizuii kutolewa mtoto wa jicho. Kwa kawaida jicho hutiwa ganzi tu, mgonjwa yuko macho. Tena ukungu ukiondoka, retina huonekana vizuri zaidi. Muulizeni daktari jambo moja: je, kitovu cha retina kimevimba? Kikiwa kimevimba, huenda akataka kukitibu kwanza. Na mpeni namba ya figo kwa maandishi, kwa sababu vidonge vya kushusha presha ya jicho, asetazolamaidi, inayouzwa pia kama Diamox, hupunguzwa dozi au huepukwa figo zikiwa dhaifu.

Nyumbani, kinachonitisha zaidi ni dawa za magoti. Diklofenaki na ibuprofeni hununuliwa dukani kama peremende, na huziumiza figo ambazo tayari zimechoka. Kama anameza, aache na amwambie daktari. Apunguze chumvi: ng'onda na papa mkavu wana chumvi nyingi hata wakirowekwa usiku kucha. Dafu lina potasiamu, lakini simkatazi kabla ya kuipima kwenye damu yake. Lakini juisi ya birimbi inayonywewa kama dawa ya sukari au ya mafuta, hiyo namkataza leo. Birimbi lina oksalati nyingi, na wako watu ambao figo zao zilisimama ghafla baada ya kunywa juisi yake kwa wingi. Achari kidogo pembeni ya wali ni jambo jingine.

Mumwangalie pia usoni asubuhi. Kope zikivimba anapoamka, au mkojo ukitoka povu lisilotulia, msingoje miezi 3. Akiona ghafla vitu vyeusi vinaelea kwa wingi, mwanga wa kumetameta, au kama pazia limeshuka upande mmoja, avuke siku hiyo hiyo kwenda penye daktari wa macho, hata kama tarehe yake ya kliniki ni kesho kutwa.

Majibu ya mkojo yakitoka, niandikie pamoja na presha zake za wiki moja mlizopima nyumbani na majina ya dawa zote anazomeza, za hospitali na za mitishamba.