Muulize Fundi wa Barafu: Januari mkiani, Juni mabingwa

*Shikamoo Mzee. Nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wageni hapa Raskazone. Mgeni wetu mmoja kutoka Kanada alinizoesha kuangalia hoki ya barafu, akaniambia mwaka 2019 timu ya St. Louis Blues ilikuwa ya mwisho kabisa mwezi wa kwanza, halafu mwezi wa sita ikabeba ubingwa. Kijiweni wananicheka, wanasema hapo matokeo yalipangwa. Kweli? Na kule Florida, kwenye joto kama la Tanga, barafu haiyeyuki? — Kijana wa Raskazone*

Marahaba, mgosi. Hao wa kijiweni wanapima hoki kwa kipimo cha Ligi Kuu yetu, ndiyo maana hesabu inawagomea. Kwetu timu 16 zinacheza mechi 30, mwenye pointi nyingi anakabidhiwa kombe, imekwisha. Wagosi wa Kaya, Coastal Union yetu, wakiwa mkiani Januari, uwanja wa Mkwakwani mzima unaomba dua ya kutoshuka daraja, ubingwa hata hautajwi. Sasa NHL, ligi ya hoki ya Marekani na Kanada, haina kushuka daraja, na kuongoza msimamo hakukupi Kombe la Stanley, kombe la bingwa. Mechi 82 za msimu ule, Oktoba hadi Aprili, kazi yake kubwa ilikuwa kuchuja timu 16. Zikipatikana, pointi zinawekwa kando, unaanza mtoano: timu mbili zinakutana mpaka mmoja ashinde mechi 4, raundi nne mfululizo. Anayetaka kombe ashinde mechi 16 za ziada.

Mgeni wako hakukudanganya. Asubuhi ya tarehe 3 Januari 2019 Blues walikuwa wa 31 kati ya timu 31, pointi 34 kwa mechi 37. Kocha Mike Yeo walishamtimua Novemba, msaidizi wake Craig Berube akashikilia usukani. Tarehe 7 wakamwanzisha golini Jordan Binnington, kijana aliyekuwa akisubiri nafasi miaka mingi kwenye timu za chini. Philadelphia wakapigwa 3-0, hakufungwa hata moja. Baadaye wakashinda mechi 11 mfululizo.

Walimaliza na pointi 99: kushinda 45, kufungwa 28 ndani ya dakika 60, na kufungwa 9 baada ya muda wa nyongeza au matuta. Ushindi ni pointi 2, na ukifungwa baada ya dakika 60 kuisha sare unaondoka na 1. Zidisha mwenyewe. Hizo 9 wengi huzidharau, mimi naziheshimu sana, maana ndizo zinazomshikilia mtu anayezama.

Habari ya kupanga matokeo, waulize rafiki zako swali moja. Nusu fainali na San Jose, mechi ya tatu, muda wa nyongeza: mchezaji wa San Jose, Timo Meier, akakisukuma kwa mkono kile kisahani kigumu kinachochezewa badala ya mpira, kikaenda kwa mwenzake, likazaliwa bao la ushindi. Kosa la wazi, waamuzi hawakuliona, bao likabaki. Huyo aliyewapangia Blues ubingwa siku hiyo alikuwa wapi? Usiku ule nilipiga meza mpaka mama watoto akaamka.

Fainali dhidi ya Boston ikafika mechi ya saba, kule kule Boston, kwetu ni saa tisa usiku. Kipindi cha kwanza wenyeji walipiga mashuti 12 golini, Binnington akayala yote. Blues wakapiga manne tu, mawili ndani, la pili likiwa zimebaki sekunde 8 hivi kabla ya mapumziko. Ikaisha 4-1. Timu ipo tangu 1967 na lilikuwa kombe lake la kwanza.

Kama bado wanabisha, wape Tampa Bay Lightning, msimu uleule. Hao ndio walioongoza msimamo: ushindi 62, pointi 128. Raundi ya kwanza wakakutana na Columbus, mechi ya kwanza wakatangulia 3-0, wakafungwa 4-3. Zilizofuata wakafungwa zote, wakatolewa 4-0. Wakati wenzao wanapigania kombe, wao wako nyumbani.

Na Tampa ndiyo Florida unayoiulizia, kwa hiyo hapa naingia kwenye fani yangu. Chini ya uwanja kuna sakafu ya zege yenye mabomba, na ndani yake unapita umajimaji uliopozwa chini ya sifuri bila kuganda, maji ya chumvi au glaikoli. Juu wanamwagia maji safi kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, hadi unene wa kama sentimita 3. Ni kanuni ileile tuliyotumia kugandisha barafu ya samaki: kopo la maji safi linazamishwa kwenye tangi la maji ya chumvi yenye baridi kali, mpaka katikati pawe peupe. Joto la nje linazuiliwa na kuta. Kinachosumbua mafundi wa pwani ni unyevu. Hewa nzito ikiingia inashusha ukungu, na barafu inaota jalidi juu, inakuwa nzito kuteleza. Kwa hiyo mitambo ya kukausha hewa inaunguruma mechi nzima, na mapumziko mashine ya Zamboni inapita ikikwangua na kumwaga maji ya moto. Ndiyo, ya moto. Yanayeyusha mikwaruzo kidogo, kisha yote yanaganda pamoja.

*Mwanangu wa miaka 11 ameona hoki kwenye simu, hanipi amani. Tanga atacheza wapi? — Mama wa Chumbageni*

Dada, barafu ya Tanga ni ya samaki na juisi. Jirani zetu Nairobi wana timu, Kenya Ice Lions, iliyojifunzia kwenye ukumbi wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Kwa sasa mtafutie viatu vya magurudumu na sakafu laini ya saruji, ajue kwanza kusimama na kufunga breki. Kofia ngumu nunua kabla ya viatu.