Flashi ya nyimbo ndani ya gari: kwa nini redio hupiga wimbo wa kumi baada ya wa kwanza

Ndugu yangu uliyeuliza, umeeleza kwamba umenunua Noah iliyotoka Japani, ukachomeka flashi ya GB 64 yenye nyimbo karibu 6,000, redio ikaandika kwamba haiwezi kuisoma. Ulipochomeka flashi yako ya zamani ya GB 8 ikasomeka, lakini nyimbo zinapigwa bila mpangilio na majina mengine yanatokea kama alama zisizoeleweka. Waliotangulia kukujibu wamekushauri ung'oe redio hiyo uweke ya skrini kubwa. Nakuomba usiharakishe kutoa fedha. Nina gari la aina hiyohiyo kwa mwaka wa saba sasa, matatizo yako yote matatu nimeyapitia, na hakuna hata moja lililotokana na ubovu wa redio. Yote yalikuwa ndani ya flashi, katika namna nilivyokuwa nikiiandaa.

Kwa wengi wetu wenye magari ya Japani, flashi si kitu cha ziada. Redio nyingi za magari hayo zilitengenezwa kwa masafa ya FM ya kwao, ambayo kwa zile za zamani ni kati ya megahezi 76 na 90, ilhali stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Kinachobaki kusikika ni stesheni chache za mwanzo wa masafa, mpaka fundi akufungie kifaa cha kushusha masafa. Hata ukikifunga, ukisafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, njia ya takriban kilomita 830, kuna vipande virefu ambavyo redio haikamati chochote cha maana. Hapo ndipo mtu anapogundua kama flashi yake imeandaliwa au imejazwa tu.

Nianze na flashi yako kubwa. Kila flashi imefomatiwa kwa mfumo fulani wa kupanga faili, na redio nyingi za magari ya kabla ya miaka michache iliyopita zinaufahamu mfumo mmoja tu, FAT32. Flashi za GB 64 na kuendelea mara nyingi hutoka kiwandani zikiwa na exFAT, mfumo uliotoka mwaka 2006, na nyingine hufomatiwa na wenyewe kwa NTFS. Kompyuta inaisoma mifumo yote hiyo bila kulalamika, ndiyo maana unadhani flashi ni nzima na redio ndiyo mbovu. Tatizo jingine ni kwamba Windows, kwa dirisha lake la kawaida la kufomati, haikupi chaguo la FAT32 kwa flashi inayozidi GB 32, ingawa mfumo wenyewe unaweza kubeba zaidi ya hapo. Unaweza kutumia programu ya bure kama Rufus kuifomati flashi yako kwa FAT32, ukichagua pia mgawanyo (namna flashi inavyoorodhesha sehemu zake) wa aina ya MBR badala ya GPT, kwa sababu redio nyingi haziitambui GPT. Hamishia nyimbo zako kwenye kompyuta kwanza, maana kufomati kunafuta kila kitu.

Hata hivyo, ushauri wangu ni utumie flashi ya GB 32. Piga hesabu nami: wimbo wa dakika nne katika MP3 ya kilobiti 192 kwa sekunde unachukua chini kidogo ya MB 6, hivyo GB 32 zinabeba nyimbo zaidi ya 5,000, yaani zaidi ya saa 330 za muziki. Ndani ya gari lenye mngurumo wa injini na upepo wa dirishani, sikio langu halitofautishi kilobiti 192 na 320. Isitoshe, redio nazo zina ukomo. Mwongozo wa yangu unasema haivuki faili 255 katika folda moja, na nilipokuwa nimemwaga nyimbo zote 900 mahali pamoja bila folda, zile zilizozidi hazikuonekana kabisa. Nilidhani zimefutika.

Sasa suala la mpangilio, ambalo ndilo lililonisumbua muda mrefu kuliko yote. Mwaka 2021 nilimchukua mjomba wangu kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa. Mzee huyu ana kanda za muziki wa dansi alizonunua miaka ya 1980, na mimi nilikuwa nimetumia likizo nzima kuzihamishia kwenye kompyuta, kanda moja folda moja, nyimbo zikiwa na namba kama zilivyofuatana. Tulipovuka Chalinze nikamwekea kanda yake moja ya dakika 90 yenye nyimbo 12. Wimbo wa kwanza ukaisha, ukaanza mwingine, naye akanyosha kiti, akaitazama redio na kusema, "Mjomba, hii siyo kanda yangu. Hapa unakuja ule wa saksafoni." Naye huniita mjomba kama ninavyomwita. Nikatazama skrini: wimbo wa 1 ulikuwa umefuatwa na wa 10. Baada yake ukaja wa 11, kisha wa 12, ndipo wa 2. Mzee alikuwa amesikiliza kanda ile kwa miaka zaidi ya thelathini, na kwake mfuatano ule ulikuwa sehemu ya muziki wenyewe.

Niliporudi nilichunguza mpaka nikaelewa. Mfuatano wa 1, 10, 11, 12, 2 ni wa kialfabeti: mashine inalinganisha herufi ya kwanza na ya kwanza, hivyo "10" inatangulia "2". Programu niliyonakilia nyimbo ilizipeleka kwenye flashi kwa utaratibu huo. Dawa yake ni kuandika sifuri mbele, 01, 02, 03, na kama folda ina nyimbo zaidi ya 99, 001.

Nilifanya hivyo nikadhani nimemaliza. Wiki moja baadaye nikaufuta wimbo wa 05 uliokuwa na mikwaruzo, nikaweka nyimbo nyingine mbili mwishoni, na redio ikaupiga mmojawapo katikati ya kanda. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba redio za aina hii hazipangi chochote. FAT32 ina orodha ya faili kwa kila folda, na kila faili huandikwa humo kwa zamu ya kuingia, kama wageni kwenye daftari la nyumba ya wageni. Ukifuta faili, mstari wake unabaki wazi, na faili jipya linaweza kuandikwa palepale. Kompyuta huipanga orodha hiyo upya kabla ya kukuonyesha, kwa hiyo huoni kasoro yoyote. Redio yenyewe inasoma daftari kuanzia juu hadi chini na kupiga kama ilivyokuta.

Kwa sababu hiyo nimeacha kabisa kuongeza wimbo mmojammoja kwenye flashi. Mkusanyo wangu halisi unakaa kwenye kompyuta, pamoja na nakala kwenye diski ya pembeni, nami naihesabu flashi kuwa nakala tu. Nikitaka mabadiliko, nayafanya kwenye kompyuta, kisha naifomati flashi na kunakili upya, folda moja baada ya nyingine. Baada ya hapo naendesha programu ya kupanga daftari lenyewe: kwenye Windows kuna DriveSort, na kwenye Linux kuna FatSort. Kazi yote haizidi saa moja, na naifanya mara moja kwa miezi miwili au mitatu. Kama unatumia kompyuta ya Apple, futa pia vile vifaili vilivyofichwa ambavyo majina yake huanza na nukta na mstari wa chini, kwa sababu redio huviona kama nyimbo na kukwama juu yake.

Kuhusu majina yanayotokea kama alama, hapo unashughulika na taarifa zilizoandikwa ndani ya faili: jina la wimbo, la mwanamuziki na la albamu. Zinaandikwa kwa utaratibu unaoitwa ID3, wenye matoleo kadhaa. Toleo la 2.3 ni la mwaka 1999 na la 2.4 ni la mwaka 2000, na hadi leo zipo redio nyingi zinazolielewa la 2.3 peke yake. Mfano nilioutazama kwa macho yangu ni Zaïko Langa Langa, ambao jina lao lina i yenye nukta mbili juu. Katika toleo la 2.4 herufi hiyo kwa kawaida huhifadhiwa kwa baiti mbili, yaani vipande viwili vya data. Redio yangu ikadhani kila baiti ni herufi kamili na kuandika "ZaÃ¯ko". Wenye nyimbo nyingi za Kongo, ambako Kifaransa kimeacha alama zake katika majina, watakuwa wameliona jambo hili mara nyingi. Mimi natumia programu ya Mp3tag: nachagua nyimbo zote, naielekeza iandike toleo la 2.3, nahifadhi. Ikiwa redio yako bado inakosea, andika herufi bila alama. Si heshima kamili kwa jina la bendi, lakini dereva anapaswa kulisoma kwa kutupa jicho mara moja tu.

Tumia nafasi hiyohiyo kusafisha majina. Nyimbo za kupakua mtandaoni na zile tunazojaziwa kwenye vibanda mara nyingi huwa na anwani ya tovuti mahali pa jina la mwanamuziki, hivyo redio inakuonyesha nyimbo 400 za "msanii" mmoja ambaye si mtu. Bendi moja nayo huandikwa kwa namna nyingi. Katika mkusanyo wangu nilikuta Franco, TP OK Jazz, T.P.O.K. Jazz na O.K. Jazz, na redio ilizihesabu kama bendi nne. Chagua namna moja uishikilie. Picha ya jalada ya albamu iwe ndogo, kama pikseli 500 kwa 500. Nilipoweka picha kubwa, redio ilikuwa inasita sekunde kadhaa kabla ya kila wimbo.

Jambo jingine ambalo hukuuliza lakini utakutana nalo ni sauti kutolingana. Rekodi ya Mlimani Park Orchestra iliyotoka kwenye kanda iko chini, wimbo wa bongo fleva wa mwaka jana uko juu sana, na wewe unakuwa mtu wa kushika kitufe kila baada ya dakika tano huku lori linakuja mbele yako. Programu ya MP3Gain inasawazisha hilo kwa hatua za desibeli 1.5 kila moja, bila kuubana wimbo upya, kwa hiyo ubora haupungui. Kiwango chake cha kawaida ni desibeli 89, nami nimekiacha hapohapo.

Flashi yenyewe inunue kwa uangalifu. Niliwahi kuuziwa moja iliyoandikwa GB 64 ambayo kompyuta nayo ilionyesha GB 64, lakini uwezo wake wa kweli ulikuwa 8. Nyimbo zilizoingia baada ya hapo zilikuwa na majina bila muziki ndani. Tangu siku hiyo kila flashi mpya naipima kwanza uwezo wake kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na kompyuta za Apple, kabla ya kuiwekea wimbo hata mmoja. Chagua pia flashi fupi isiyochomoza, kwa sababu ile ndefu hugongwa na goti la abiria na kuharibu tundu la redio, na tundu ni ghali kuliko flashi. Unapoegesha juani mchana kutwa, itoe. Diski kubwa ya pembeni usiichomeke, maana tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa miliampea 500 tu, na diski nyingi huhitaji zaidi ya hapo zinapoanza kuzunguka.

Kwa hiyo kwako, anza leo na flashi ile ya GB 8, kwa kuwa tayari tunajua redio inaikubali. Ifomati kwa FAT32, weka folda tatu za nyimbo zenye namba 01, 02 na kuendelea, andika taarifa kwa toleo la 2.3, kisha sikiliza folda moja nzima bila kugusa kitu. Ikifuatana sawasawa, fanya hivyohivyo kwa flashi kubwa. Ikiwa hiyo kubwa itaendelea kukataliwa, andika hapa namba iliyobandikwa kwenye redio, ile inayoanza na herufi, nami nitakutafutia mwongozo wake tuone ukomo wake ni upi.